Air Bud: mbwa anayecheza basketi, na swali la nani ni mwenye mbwa

Kati ya filamu za familia, kuna moja ambayo watu wengi wanaikumbuka hata kama jina lake limewatoka kichwani: ile ya mbwa mwenye manyoya ya rangi ya zahabu, anayesukuma mupira wa basketi kwa pua mpaka unaingia mu kikapu. Filamu hiyo inaitwa Air Bud. Ilitoka katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 1 Agosti 1997, ikiletwa na kampuni ya Disney. Kwa Kifaransa iliitwa Air Bud : Buddy star des paniers, na njo jina ambalo mutu anaweza kulikuta kwenye nakala ya Kifaransa.

Ukiitazama haraka, ni komedi ya watoto: mbwa anakimbia, klauni anaanguka, watu wanacheka. Lakini ndani yake kuna maswali mawili mazito. La kwanza: kanuni zikinyamaza, nani anaamua? La pili: munyama ni wa nani, wa yule mwenye karatasi ao wa yule aliyemutunza? Na inje ya filamu, mbwa aliyeicheza alikuwa na maisha yake mwenyewe, yenye furaha na yenye huzuni.

Filamu kwa ufupi

Aliyeiongoza ni Charles Martin Smith, Mumarekani ambaye watu walimujua kwanza kama muchezaji wa sinema. Mwaka 1983 alicheza katika Never Cry Wolf, hadisi ya mutu wa sayansi anayeishi peke yake karibu na imbwa-mwitu kwa kujifunza maisha yao. Mambo ya wanyama hayakumutoka. Mwaka 2011 aliongoza Dolphin Tale, filamu ya pomboo aliyepoteza mukia wake.

Waandishi wa Air Bud ni Paul Tamasy na Aaron Mendelsohn. Kijana Josh Framm alichezwa na Kevin Zegers, mutoto wa Canada ambaye alizaliwa mwaka 1984. Mama yake, Jackie, alichezwa na Wendy Makkena. Muzee Arthur Chaney alichezwa na Bill Cobbs. Norm Snively, yule klauni mubaya, alichezwa na Michael Jeter. Mambo yanatokea mu muji mudogo wa kubuni, Fernfield, katika jimbo la Washington, lakini picha zilichukuliwa ngambo ya mupaka, upande wa Vancouver, Canada.

Kwa desturi ya Hollywood, ilikuwa filamu ya makuta kidogo. Iligarimu karibu milioni 3 za dola, na ikaingiza zaidi ya milioni 24 kule Amerika ya Kaskazini tu. Hesabu hiyo njo inaeleza sababu filamu moja ya mbwa ilizaa nyingine nyingi kisha.

Hadisi inavyokwenda

Josh ni kijana wa miaka 12. Baba yake alikuwa rubani, na alikufa katika ajali ya ndege. Mama anahamisha watoto wake wawili, Josh na dada yake mudogo Andrea, mpaka Fernfield kwa kuanza maisha mapya. Josh anapenda basketi, lakini musiba umemufunga kinywa. Anaogopa hata kujaribu kuingia mu ekipe ya masomo, inayoitwa Timberwolves. Anakubali tu kazi ya kusaidia wachezaji, ile ya kushika vitambaa na maji.

Siku moja anakuta uwanja wa zamani ulioachwa, nyuma ya kanisa ambalo watu hawaingiemo tena. Kule anazoea kucheza peke yake. Na kule pia kuna mbwa, muchafu na mwenye woga, anayejificha. Josh hakumufukuza, na hakumukamata kwa nguvu. Alimuwekea chakula kitamu, siku kwa siku, akangoja. Mbwa akakaribia polepole. Siku moja Josh anarusha mupira, na mbwa anauruka na kuurudisha. Anarusha tena, mupira unaingia mu kikapu. Mutoto anamupa jina la Buddy, ni kusema rafiki.

Mutazamaji anajua kitu ambacho Josh hajui. Buddy alikuwa wa Snively, klauni anayefanya michezo ku sikukuu za watoto. Snively alikuwa anamuita Old Blue, na alikuwa anamupiga kwa gazeti iliyokunjwa. Siku moja kazi iliharibika na watu wakakasirika. Snively akamufunga mbwa ndani ya sanduku, akapakia mu gari. Njiani sanduku likaanguka, naye hakurudi kulitafuta.

Mama ya Josh hapendi kuongeza mzigo mu nyumba. Anakubali mbwa akae mpaka Noeli, na wakati huo wamutafute mwenye mbwa. Noeli inafika, mwenyewe haonekane, na Buddy anabaki kama zawadi.

Ku masomo, mambo yanabadilika. Kochi wa ekipe anakutwa akimurushia mutoto mumoja mipira kwa nguvu, moja kisha ingine, kwa sababu tu alishindwa kuidaka. Anafukuzwa kazi. Mahali pake panachukuliwa na Muzee Chaney, yule anayetengeneza vitu vilivyoharibika ku masomo. Watu walikuwa wanamupita bila kumuangalia. Kumbe zamani alikuwa muchezaji wa Knicks, ekipe kubwa ya New York. Chaney anawafundisha watoto kupeana mupira. Kuna nyota mumoja, Larry, anayesukumwa na baba yake afunge peke yake. Mutoto huyo na baba yake hawafurahii ile namna mupya ya kucheza, na Larry anaishia upande wa wapinzani.

Buddy naye anaingia uwanjani siku moja katikati ya mechi, bila kuitwa. Watu wanacheka, kisha wanapiga makofi. Tangu siku ile anaonyesha michezo yake wakati wa mapumuziko, na televizyo inaleta habari yake. Na njo televizyo inayomuamusha Snively. Mbwa aliyemutupa sasa iko na jina, na jina linaleta makuta. Anafika ku mulango wa Josh na karatasi mukononi: mbwa huyu ni wangu kwa sheria. Mama hana la kujibu. Buddy anachukuliwa.

Josh anakwenda kwa siri mpaka kwa Snively, anamukuta Buddy amefungwa kwa munyororo, anamufungua, na wanakimbia. Lakini anajua kama akimurudisha nyumbani, Snively atamufuata tena. Basi anamupeleka mbali, anamuachilia huru, na anarudi peke yake akilia.

Kanuni haisemi kitu

Siku ya mechi ya mwisho ya ubingwa wa jimbo, Timberwolves wanapungukiwa na wachezaji. Hapo Buddy anatokea. Ekipe inaomba mbwa aingie kama muchezaji. Wapinzani wanakataa. Arbitri anafungua kitabu cha kanuni, anatafuta, na anakuta kama hakuna mahali palipoandikwa kwamba mbwa hawezi kucheza basketi. Kwa hiyo anacheza, akiwa amevaa maillot ya ekipe na viatu kwa miguu yote mine.

Kipande hicho kilitoka mu sinema na kuingia katika mazungumuzo ya kila siku ya Wamarekani. Mpaka leo, mutu wa siasa ao avoka akitafuta njia kwa kusema "sheria haikukataza", wengine wanamukumbusha ile mbwa wa basketi. Wanataka kusema hivi: umeshika herufi za kanuni, lakini umesahau maana yake.

Kwa kweli, mashindano ya masomo kule Marekani yako na kanuni za nani anaruhusiwa kucheza. Muchezaji anapaswa kuwa mwanafunzi aliyeandikishwa, mwenye umri unaofaa. Mbwa angekataliwa hapo, hata kama neno "mbwa" halikuandikwa. Kanuni haihesabu kila kitu kilichokatazwa. Mara mingi inasema nani anaruhusiwa, na wengine wote wanabaki inje. Watengenezaji wa filamu walijua ile, na walicheza nayo. Wanamufanya mutazamaji akubali kosa la sheria kwa sababu moyo wake tayari uko upande wa Josh.

Lakini angalia vizuri: kwa kanuni, filamu inamusaidia Josh kwa sababu kitabu kimenyamaza. Kwa swali la mwenye mbwa, kitabu hakinyamaze. Karatasi iko, na inamupa haki mutu mubaya. Hapo kicheko hakitoshi tena. Inabaki kwenda mbele ya sheria.

Mbele ya tribinali

Kisha mechi, Snively anarudi na kesi. Anataka mbwa wake. Muamuzi anakasirika kwanza kuletewa maneno ya mbwa, lakini anatambua Muzee Chaney, muchezaji aliyempenda zamani, na anamusikiliza. Chaney anatoa shauri moja: mbwa mwenyewe achague.

Wanatoka inje. Josh anasimama upande mumoja, Snively upande mwingine, na kila mumoja anaita. Snively anaita kwa ukali, na anatoa ile gazeti iliyokunjwa. Buddy anaitambua. Anamuendea, watu wanashika pumzi, kisha anaikamata gazeti kwa meno na kuipasua vipande vipande, na anakimbia kwa Josh. Muamuzi anakata kesi hapo hapo.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka mara moja Mufalme Sulemani na wale wanawake wawili waliogombania mutoto mumoja. Namna inafanana, lakini tofauti iko. Mbele ya Sulemani, mama wa kweli alijulikana kwa sababu alikuwa tayari kumupoteza mutoto wake ili aishi. Katika Air Bud, Josh alikwisha kupita mutihani ule mbele ya tribinali kufunguliwa: siku alimuachilia Buddy huru, ijapokuwa alijua pengine hatamuona tena. Snively hakumutafuta mbwa siku sanduku lilianguka. Alimutafuta siku aliona makuta. Tribinali ilikuja tu kusema wazi kitu ambacho mutazamaji alikuwa amekiona.

Sheria ya kweli, ku Marekani na ku inchi nyingi, inamuhesabu munyama wa nyumbani kama mali, sawa na kiti ao baiskeli, hata kama kuna sheria zingine zinazokataza kumutesa. Muamuzi wa kweli angeangalia kwanza nani alinunua, nani aliandikishwa, na kama mwenyewe alimuacha munyama ao alimupoteza. Swali la mwisho lingeweza kumusaidia Josh, kwa kuwa Snively aliacha sanduku barabarani. Filamu haikupita njia hiyo. Ilichagua njia ambayo mutoto wa miaka 6 anaweza kuielewa.

Buddy wa kweli

Wengi wanafikiri ile michezo yote ni ufundi wa kompyuta. Hapana. Mbwa mwenyewe alikuwa anajua kuuingiza mupira, na alikuwa anajua mbele ya filamu hii kufikiriwa.

Mwaka 1989, Kevin DiCicco alimukuta mbwa mumoja karibu na nyumba yake ya mulimani katika Sierra Nevada, California. Mbwa alikuwa amepotea, muchafu, na manyoya yaliyoshikana. DiCicco akamuchukua, akamusafisha, akamupeleka San Diego. Aliona haraka kama mbwa huyo anapenda mipira kuliko kitu chochote. Akaanza kumufundisha: basketi, na michezo mingine pia. Video zake zilipita katika programu ya televizyo ya America's Funniest Home Videos, kisha akaalikwa katika programu ya David Letterman, mahali watu wanaleta wanyama wenye michezo ya kuchekesha. Toka hapo njia ya sinema ikafunguka.

Ni kusema, sehemu ya kwanza ya filamu, mutu anayekuta mbwa muchafu asiye na mwenyewe na kugundua kama anacheza, haikutoka mbali. Ilifuata maisha ya Buddy mwenyewe.

Buddy alikuwa wa aina ya golden retriever. Aina hiyo ilianzishwa Scotland katika karne ya 19, kwa kusaidia wawindaji wa ndege wa maji: mutu anapiga bata, mbwa anaogelea, anamushika polepole bila kumuharibu kwa meno, na anamurudisha. Kufuata kitu kinachoruka, kukipokea kwa kinywa na kukileta kwa mutu, hiyo njo kazi ambayo mababu wa Buddy walichaguliwa kwayo. DiCicco hakulazimisha mbwa kuwa kitu kingine. Alichukua tabia iliyokuwako na akaweka mupira mahali pa bata.

Namna ya kufundisha munyama kama huyo inajulikana. Kazi kubwa inakatwa vipande vidogo. Kwanza mbwa anapata zawadi kwa kugusa mupira tu. Kisha kwa kuupiga kwa pua. Kisha kwa kuupiga kwenda juu. Kila hatua inarudiliwa mara mingi, kwa muda mufupi, na kila mara zawadi inafuata. Kipigo hakisaidie: mbwa mwenye woga anajifunza kukimbia mutu, hajifunzi muchezo. Hapo mafundisho ya kweli na hadisi ya filamu vinakutana. Snively na gazeti yake hakupata kitu. Josh na chakula chake alipata rafiki.

Furaha ya Buddy haikudumu. Katika mwaka 1997, wakati watoto wa Marekani walikuwa wanajaa katika majumba ya sinema kumuona, madaktari wa wanyama walimukuta na kansere. Walimukata muguu mumoja wa nyuma. Alikufa nyumbani, tarehe 10 Februari 1998, miezi sita tu kisha filamu kutoka. Filamu ya pili ilipofika mu Agosti ya mwaka ule, mbwa waliokuwa mbele ya kamera walikuwa wengine.

Filamu zilizofuata

Air Bud: Golden Receiver ilitoka mwaka 1998. Safari hii Buddy anacheza mupira wa Kiamerika, na Josh anapaswa kuzoea kama mama yake anaweza kupenda mutu mwingine. Mwaka 2000 ikafuata World Pup, juu ya mupira wa miguu. Mu ile, wachezaji wa kweli wa ekipe ya wanawake ya Marekani walionekana, kati yao Brandi Chastain na mulinda goli Briana Scurry, ambao walikuwa wameshinda Kombe la Dunia mwaka 1999. Mwaka 2002 ilikuwa zamu ya baseball, na mwaka 2003 voleboli. Wakati huo Josh amekuwa mukubwa, na Andrea, ule dada yake mudogo, njo anasimama pamoja na mbwa.

Tangu World Pup, filamu hizo hazikupita tena katika majumba ya sinema. Zilikwenda moja kwa moja ku kaseti na diski za nyumbani. Ni hapo zilisambaa dunia nzima.

Mwaka 2006 ukaja mulango mwingine: Air Buddies. Mambo ya michezo yakaachwa, na watoto watano wa Buddy, ambao wanasema kama watu, wakawa wakubwa wa hadisi. Wakapelekwa mu baridi ya Alaska, mu anga, ku Noeli, na mahali pengine, mpaka Super Buddies ya mwaka 2013.

Air Bud haikuwa ya kwanza kwa wazo lake. Mwaka 1976 Disney ilikwisha kuleta Gus, filamu ya nyumbu anayepiga mupira wa Kiamerika kwa muguu na kuokoa ekipe inayoshindwa kila siku. Mwaka 1996 kulikuwa Ed, sokwe anayecheza baseball. Na Robert Vince, mumoja wa watengenezaji wa Air Bud, mwaka 2000 aliongoza MVP: Most Valuable Primate, sokwe anayecheza hockey juu ya barafu. Ufunguo ni ule ule: ekipe zaifu, mutoto mupweke, munyama asiyetegemewa, na mechi ya mwisho. Kinachoitenga Air Bud ni kwamba munyama hakuja tu kushinda mechi. Mechi inaisha, na swali kubwa linabaki: atalala wapi usiku huu?

Watoto wa mbwa waliokufa

Kuna jambo ambalo halikuandikwa juu ya kava ya diski. Mwaka 2007, wakati wa kuchukua picha za Snow Buddies kule Canada, watoto watano wa mbwa walikufa. Ugonjwa wa parvo uliingia kati yao. Wengi walikuwa wameletwa toka Marekani wakiwa wadogo kuliko umri wa majuma 8 uliotakiwa. Chama cha American Humane, kinachochunguza hali ya wanyama wakati wa kutengeneza filamu, kilifuata jambo hilo, na habari ikatoka katika magazeti.

Parvo ni virusi inayoshambulia matumbo ya mbwa. Mutoto wa mbwa anatapika, anahara damu, anakauka maji mwilini, na anaweza kufa katika siku chache. Dawa ya kuua virusi yenyewe haiko. Daktari anasaidia mwili ushindane. Lakini chanjo iko, na inafanya kazi. Wenye hatari kubwa ni wale wadogo wasiomaliza chanjo, hasa wakiwekwa wengi pamoja. Kwa filamu, shida inaongezeka: mutoto wa mbwa anakomaa haraka kuliko kazi ya kamera, kwa hiyo watengenezaji wanahitaji wengi wanaofanana, na wanawataka wakiwa bado wadogo.

Jambo hili linarudisha swali la Snively kwa wale waliomubuni. Filamu ya kwanza ilimuchekelea mutu anayemuona munyama kama chombo cha makuta. Miaka kumi kisha, kazi iliyokua toka ile filamu ilijikuta ikiulizwa vile vile. Haimaanishi kama watengenezaji wote walikuwa na moyo wa Snively. Inamaanisha kama upendo wa kwenye skrini hauchunge mbwa aliye nyuma ya kamera. Anayemuchunga ni mutu mwenye kujua umri wake, chanjo zake na saa zake za kupumuzika.

Kuitazama na watoto nyumbani

Air Bud ni ya dakika 98. Haina damu wala maneno ya aibu. Kwa mutoto mudogo, vipande vinavyoweza kumugusa ni vitatu: kifo cha baba, ambacho kinasemwa bila kuonyeshwa, kochi anayemutesa mutoto kwa mipira, na Buddy anapofungwa kwa munyororo. Mutoto aliyepoteza muzazi anaweza kunyamaza kisha filamu. Ni vizuri mukubwa awe karibu, amuache aseme kama anataka.

Kisha kutazama, watoto wengi wanatoka inje mara moja kujaribu na mbwa wa jirani. Hapo mambo machache yanafaa kusemwa wazi. Buddy alifundishwa muda murefu na mutu mumoja aliyemujua. Mbwa usiyemujua hapashwe kurushiwa mupira usoni, wala kukaribiwa wakati anakula ao analinda watoto wake. Na mbwa akimuuma mutoto, hata kidogo, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mingi na sabuni, karibu dakika 15, kisha mutoto apelekwe ku kituo cha afya siku ile ile, juu ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo, alama zake zikisha kuonekana, karibu kila mara unaua. Lakini chanjo ikitolewa mapema inauzuia.

Michael Jeter alikufa mwaka 2003. Bill Cobbs alifuata mwaka 2024, akiwa na miaka 90. Kevin Zegers alikua na kuendelea na sinema za watu wazima. Buddy anabaki pale pale: uwanja wa zamani nyuma ya kanisa, mutoto amekaa chini na chakula mukononi, na mbwa muchafu anayepima kama mutu huyu naye atamupiga ao hapana.